Hali ya Uhifadhi na Makazi ya Kichaka cha Andromeda (Andromeda polifolia) katika Vinamasi vya Mboji vya Ireland

Utangulizi

Andromeda polifolia ni kichaka kifupi cha familia ya Ericaceae kinachoota katika vinamasi vyenye tindikali vya ukanda wa kaskazini wa dunia, katika Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Kwa kawaida urefu wake hauzidi sentimita 40. Majani yake ni membamba na hayapukutiki wakati wa baridi. Kingo zake hukunjika kuelekea chini, na upande wa chini huwa na weupe wa kijivu. Maua yake madogo ya rangi ya waridi huning'inia mfano wa vitungi vilivyoinamishwa. Jina la jenasi lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Alikutana na mmea huu katika safari yake ya Lapland mwaka 1732, akaufananisha na Andromeda, binti mfalme wa hekaya za Kigiriki aliyefungwa kwenye mwamba huku maji yakimzunguka.

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya makazi ya kichaka hiki na hali yake ya uhifadhi, kwa kurejelea vinamasi vya katikati mwa Ireland. Hoja inayojengwa ni kwamba ukubwa wa eneo la mtawanyiko na idadi ya vichaka vinavyoonekana havitoshi kueleza usalama wa andromeda mahali fulani. Kipimo kinachotangulia vyote ni usawa wa maji ndani ya kinamasi. Katika makala haya, neno mboji linatumika kwa maana ya tabaka la mabaki ya mimea lililojikusanya kwa maelfu ya miaka katika ardhi iliyojaa maji, bila kuoza kikamilifu kwa sababu ya upungufu wa oksijeni.

Makazi ya andromeda

Vinamasi vingi vya katikati mwa Ireland vilianza kama maziwa ya kina kifupi yaliyoachwa na barafu takriban miaka 10,000 iliyopita. Matete na mimea mingine ya majini iliyajaza maziwa hayo pole pole. Mboji ilipopanda juu ya kiwango cha maji ya chini ya ardhi, kinamasi kilianza kutegemea mvua pekee kwa maji na virutubisho. Kiliendelea kukua hadi kikawa na umbo la kuba pana, kimeinuka kuliko ardhi inayokizunguka. Hiki ndicho kinachoitwa hapa kinamasi kilichoinuka.

Mjenzi mkuu wa kinamasi cha aina hii ni sfagnamu, yaani mimea midogo ya jenasi Sphagnum isiyo na mizizi. Chembe zake kubwa zilizokufa hushika maji mithili ya sifongo, nayo huongeza tindikali ya maji yanayoizunguka. Kwa wastani, mboji huongezeka kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Mimea inayohitaji udongo wenye rutuba haistawi hapo. Andromeda huweza kuishi katika mazingira hayo kwa sababu mbili. Kwanza, mizizi yake hushirikiana na kuvu wanaoisaidia kupata naitrojeni kutoka katika mabaki ya mimea. Pili, mashina yake hutambaa ndani ya sfagnamu na kuotesha mizizi mipya kila yanapofunikwa. Hivyo kichaka hupanda pamoja na kinamasi badala ya kuzikwa nacho.

Uwezo huo una masharti. Ili sfagnamu iendelee kukua, maji yanapaswa kuwa karibu na uso wa kinamasi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika kinamasi kilicho hai, mabadiliko ya usawa wa maji kati ya misimu kwa kawaida hayazidi sentimita 20, na maji hayashuki zaidi ya sentimita 10 chini ya uso isipokuwa kwa vipindi vifupi. Yakishuka zaidi, oksijeni huingia, mboji huanza kuoza na kutoa kaboni, na uso wa kinamasi hudidimia.

Daraja la uhifadhi na mipaka yake

Ikitazamwa kwa kiwango cha dunia, andromeda si spishi iliyo karibu kutoweka. Eneo lake la mtawanyiko linazunguka ncha ya kaskazini, na katika maeneo mapana ya Skandinavia, Urusi na Kanada bado ni mmea wa kawaida. Picha hubadilika mtafiti anaposogea kusini. Nchini Ujerumani, ambako vinamasi vingi vilikaushwa kwa ajili ya kilimo na uchimbaji wa mboji, imewekwa katika Orodha Nyekundu ya taifa miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Spishi ni ile ile. Kilichotofautiana ni historia ya maji.

Ireland inaonyesha ugumu mwingine. Inakadiriwa kwamba vinamasi vilivyoinuka vilifunika takriban hekta 310,000 za nchi hiyo hapo kale. Sehemu ambayo bado ni hai, yaani inayoendelea kujenga mboji, ni takriban hekta 1,600, kiasi kisichofikia asilimia moja. Hata hivyo, andromeda bado huonekana katika vinamasi vingi ambavyo tayari vimeharibika. Kichaka cha kudumu chenye mashina yaliyotambaa hakifi mara maji yanaposhuka. Huendelea kuwapo kwa miaka mingi huku sfagnamu ikikoma kukua na vichaka virefu zaidi, kisha miti ya mibetula na misonobari, vikianza kukitia kivuli. Kwa hiyo ramani inayoonyesha kuwapo kwa andromeda inaweza kuwa kumbukumbu ya hali ya maji ya miongo iliyopita. Mtafiti anayehesabu mashina pekee anaweza kuripoti usalama mahali ambapo upotevu umekwisha kuanza.

Mfano wa kinamasi cha Clara

Kinamasi cha Clara, katika kaunti ya Offaly, kinadhihirisha jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu yake ya mashariki ilichimbwa mifereji kwa maandalizi ya uvunaji wa mboji. Uvunaji huo haukuendelea. Serikali ilikinunua na kukitangaza hifadhi ya asili mwaka 1987. Kuanzia 1989, watafiti wa Ireland na Uholanzi walishirikiana kuchunguza maji na mimea yake, na mifereji ya sehemu ya mashariki ikazibwa kwa vizuizi.

Funzo kubwa zaidi lilitoka upande wa magharibi, ambao haukuwa umechimbwa mifereji ya aina hiyo juu ya uso wake. Upande huo nao ulididimia. Chanzo kilikuwa pembezoni: wakataji wa mboji walikuwa wamechimba mifereji mirefu iliyofika hadi kwenye udongo wa madini ulio chini ya mboji, na shinikizo la maji ya chini ya ardhi likapungua. Kwa sababu hiyo, mboji ilipoteza maji kwa chini, mbali na mahali palipochimbwa. Mpaka wa hifadhi uliochorwa kwa kufuata mimea iliyo juu ya uso haukuendana na mpaka wa maji yanayoitegemeza mimea hiyo. Andromeda inaweza kuwa ndani ya uzio, na chanzo cha kifo chake kikawa nje.

Sheria na haki za wakataji mboji

Andromeda yenyewe haimo katika viambatisho vya spishi vya Agizo la Makazi la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992. Hulindwa kupitia makazi yake, kwa kuwa agizo hilo linavitambua vinamasi hai vilivyoinuka kuwa makazi ya kipaumbele. Ireland imeteua vinamasi 53 vya aina hiyo kuwa maeneo maalumu ya uhifadhi.

Uteuzi huo uligusa haki za watu. Familia nyingi za vijijini zimerithi haki ya kukata mboji, kuianika na kuitumia kupashia nyumba joto. Mwaka 2011 serikali ilianzisha fidia ya euro 1,500 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 15, kwa wale walioacha kukata katika maeneo yaliyoteuliwa. Njia nyingine ilikuwa kuhamishiwa kinamasi kisichoteuliwa. Fidia inatambua kwamba gharama ya uhifadhi hubebwa na kaya mahususi. Uhamishaji, kwa upande wake, huacha swali la kiikolojia: kinamasi kinachopokea wakataji kinaweza nacho kuwa na andromeda, ingawa hakimo katika orodha. Kwa upande wa viwanda, kampuni ya umma ya Bord na Móna, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilitangaza rasmi mwisho wa uvunaji wake wa mboji Januari 2021. Kusimama kwa mitambo, hata hivyo, hakurudishi maji. Mfereji ulioachwa wazi huendelea kukausha kinamasi bila mtu yeyote kuukaribia.

Hitimisho

Hali ya uhifadhi ya andromeda haina budi kusomwa katika ngazi tatu: dunia, nchi na kinamasi kimoja kimoja. Daraja la ngazi ya kwanza halibashiri hali ya ngazi ya tatu. Katika ngazi hiyo ya mwisho, tathmini inapaswa kuambatanisha takwimu za mmea na vipimo vya usawa wa maji vya misimu yote, hali ya sfagnamu, kiwango cha kudidimia kwa uso, na ramani ya mifereji iliyo ndani na nje ya mpaka wa hifadhi. Kuziba mifereji hutoa nafasi ya urejeshaji pale ambapo mteremko wa uso bado ni mdogo na sfagnamu haijatoweka kabisa. Nafasi hiyo hupungua kila mwaka ambao uso huendelea kudidimia, kwa kuwa mboji inayojengwa kwa milimita moja kwa mwaka haiwezi kufidia haraka kina cha mita kilichopotea katika umri wa mtu mmoja.