Sahani za Kabatini, Kasiki ya Uani

Katika nyumba nyingi za Frere Town na mitaa jirani ya Kisauni na Kongowea, kabati la kioo la sebuleni huwa na vyombo visivyotolewa kwa mlo wowote. Huwamo sahani mbili tatu zenye maua, bakuli pana lililopambwa kwa buluu, pengine birika lililopotelewa na kifuniko chake. Uani husimama kasiki ya kahawia ambayo watoto huikingia maji ya mvua. Watu wa nyumba wakiulizwa, hujibu kwamba ni vya bibi, naye bibi alivipata kwa bibi yake. Hapo maelezo huishia, na hapo ndipo mnunuzi anapoanzia.

Wanunuzi wa vyombo vya kale si wageni katika pwani yetu. Wako wanaolipa fedha, na wako wanaobadilishana: seti mpya ya melamini kwa sahani moja ya kizamani, na mwenye nyumba akajiona amepata faida. Hatusemi kuuza ni haramu. Mali ni ya mwenyewe. Tunalosema ni kwamba muuzaji yampasa akijue anachokiuza, kwa maana mnunuzi anakijua.

Wala kukusanya vyombo si tabia ya kigeni. Huko Denmark wako wanaotafuta kwa hamu mabakuli ya udongo mgumu ya karne ya 20, kama yale ya karakana ya Saxbo iliyofungwa mwaka 1968, na jambo la kwanza walifanyalo ni kukipindua chombo wasome chapa ya kitakoni. Watu wa pwani waliyafanya hayo karne nyingi kabla yao. Majumba ya mawe ya Lamu na Pate yalijengwa na zidaka ukutani, safu juu ya safu, ili sini ikae mahali pa kuonekana. Sahani nyingine zilitobolewa tundu katika pete ya kitako, upitishwe uzi wa kuzitundikia. Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina, na huko Gede, James Kirkman alipochimba kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, vigae vya vyombo vya kigeni ndivyo vilivyomsaidia kukadiria umri wa kuta na misikiti.

Lugha yenyewe yashuhudia. Tunasema sini, jina la nchi likawa jina la chombo. Tunasema kombe, na neno hilo lina maana mbili: sahani kubwa, na dawa iliyoandikwa juu yake. Mwalimu huandika aya kwa zaafarani juu ya sahani nyeupe, kisha huziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Chungu cha kawaida hakifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa udongo wake hunywa wino. Sini ina utando wa kioo juu yake, na maandishi hutoka yote. Kwa hiyo sahani iliyotoka mbali ilihitajiwa kwa jambo kubwa zaidi kuliko pilau. Wako pia waliodai kwamba sahani ya ukutani hulivuta jicho la hasidi ikapasuka badala ya mwenye nyumba. Kinga ni ya Mwenyezi Mungu, nasi hatuoni haja ya kuipa sahani kazi hiyo.

Basi kipindue chombo chako. Ukikuta chapa ya sfinksi, yule simba mwenye uso wa binadamu, na jina Maastricht chini yake, umeshika kazi ya kiwanda cha Petrus Regout cha Uholanzi, kilichoanza katika miaka ya 1830 na ambacho sahani zake za maua zilienea pwani nzima hadi Zanzibar na Ngazija. Ukikuta jina la nchi limeandikwa kwa Kiingereza, yaelekea chombo si cha kabla ya mwaka 1891, kwa kuwa mwaka huo Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe zilikotoka, na viwanda vikaizoea desturi hiyo. Ukiwa na bakuli zito la kijani lisilo na chapa, lenye pete ya kitako iliyoachwa bila utando na kuungua ikawa nyekundu, usiliuze wiki hii. Huenda ni la Longquan, na vyombo vya huko viliingia bandari zetu kabla ya Mreno kufika.

Kasiki huchunguzwa kwa sikio. Igonge kwa kifundo cha kidole. Udongo uliochomwa kwa moto wa uwanjani hutoa sauti nzito, fupi. Udongo mgumu uliopikwa tanuuni kwa joto la nyuzi 1200 na zaidi hulia kama kengele. Kasiki za namna hii zilisafiri kutoka Asia zikiwa zimejaa mafuta, maji au achari, na nyingi ziliitwa Martabani kwa jina la bandari ya Burma.

Anayetaka kulinganisha hana haja ya safari ndefu: avuke daraja la Nyali aende Ngome ya Yesu. Katika makumbusho yake vimo vyombo vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira, na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977 hadi 1980. Maji hayo ndiyo yanayoonekana kutoka upande wetu wa bara.

Sheria nayo ijulikane. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Ama bakuli lililobanduliwa kaburini, hilo halina mjadala: si mali ya aliyelibandua.

Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, hutokea ndani ya nyumba. Vyombo vya marehemu ni sehemu ya mirathi kama nyumba na fedha, na mrithi mmoja hana haki ya kuuza fungu la wenzake, hata akiwa ndiye aliyebaki na ufunguo wa kabati. Mama akiacha mwana mmoja na mabinti wawili, bila mrithi mwingine, sahani nne hugawika kwa utulivu: mbili kwa mwana, moja moja kwa mabinti. Taabu huanza zikiwa tatu, au zikiwa nne na moja ni ya Longquan. Hapo vitathminiwe kwanza na mjuzi asiye mnunuzi, kisha warithi wapatane kwa sulhu, mmoja abaki na chombo na wenzake wafidiwe.

Na kabla bibi hajaondoka, aulizwe. Sahani ilitoka kwa nani, ilikuja kwa arusi ya nani, kwa jahazi la wapi. Majibu yaandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kilazwe ndani ya chombo, wala kisigandishwe kwa gundi, kwani gundi huacha doa kwenye kitako kisicho na utando.