Zanzibar peke yangu, mfukoni kiduchu!

"Utalii ni wa Wazungu bwana!" Washikaji wangu wa Pasiansi walinicheka nilipowaaga. Nikapanda basi la Dar, begi moja tu mgongoni, kesho yake boti kwa nauli ya raia.

Bandarini papasi walinizonga. Nikawajibu kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kisukuma, wakacheka, wakaniacha. Msomaji, Mji Mkongwe unatembeleka bila kiongozi. Nilishiba urojo, nikazunguka vichochoro na kutazama milango ya nakshi, bure kabisa. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, nililiona kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Vijisenti nilivyobana nililipia kiingilio Mkunazini, penye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873. Shimoni zimesimama sanamu za watumwa, minyororo shingoni. Nikanyamaza. Wengi walitoka bara, kwa miguu hadi pwani. Mimi nimekuja kwa basi, kwa hiari yangu, tena nikilalamikia kiti!

Washikaji, utalii ni wa anayetaka kujua kwao. Anzeni kudunduliza.