Maji ya Wudhu Yaliyo Wakfu

Anayefungulia bomba tangu aliposoma bismillahi hadi anapoosha mguu wa kushoto hudhani kwamba kosa lake, ikiwa lipo, ni dogo. Sisi tulio katika kamati za misikiti, ambao kila mwezi hupokea ankara ya maji na kuilipa kwa sadaka za waumini, tunalitazama jambo hili kwa jicho jingine. Tuliwahi kukinga ndoo ya lita 10 chini ya bomba la msikiti wetu wakati muumini mmoja akitawadha kwa mazoea yake. Ndoo ilijaa kabla hajafika kupaka maji kichwani.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho, yaani mudi, ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Kwa vipimo vya leo hakifiki lita moja.

Wazee wetu wa pwani walikuwa karibu zaidi na Sunna hii, kwani walitawadha kwenye birika la msikiti kwa kuteka maji kwa kata. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, kisima na birika vingalipo kando ya msikiti mkuu. Anayeteka kwa kata huyaona maji yakipungua, na hukumbuka mkono uliyoyavuta kisimani. Anayefungua bomba halioni tangi lililo juu ya paa.

Imamu Nawawi, katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim, ameeleza kuwa wanazuoni wamekubaliana juu ya kukatazwa israfu ya maji hata kwa aliye ufukweni mwa bahari. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuzidisha mara tatu katika kuosha kiungo ni makuruhu. Lakini hukumu hiyo ni ya mtu anayetumia maji yake mwenyewe. Maji yakiwa yamewekwa wakfu kwa ajili ya kujitwaharisha, mafakihi wetu wamesema kuzidisha huko ni haramu, kwa kuwa aliyeyatoa hakuyatoa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo tunapowaomba waumini watafakari, kwa sababu maji mengi ya misikitini ni ya namna hiyo: kisima kimechimbwa na mtu anayetaraji thawabu baada ya kufa kwake, au tangi limenunuliwa kwa michango ya watu ambao baadhi yao nyumbani kwao hununua maji kwa dumu. (Wenye wasiwasi, wanaorudia wudhu mara nne na tano, tunawahurumia; nao waiulize elimu, wasiliulize bomba.)

Yapo pia maji yaliyokwisha kutumika. Katika madhehebu yetu maji hayo hayatwaharishi tena, ila yenyewe ni tohara, wala hapana kizuizi cha kuyaelekeza kwenye mimea. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anacholiwa na mtu, ndege au mnyama humwandikia sadaka.

Mafunzo ya haya huanzia nyumbani. Mama anayempa mtoto wake kopo moja la maji na kumsimamia atawadhe nalo hadi mwisho amemfundisha fikihi ambayo sisi tukiieleza kwa saa nzima hatuifikishi.

Kwa upande wetu, fundi ametueleza kuwa koki za kubonyeza, zinazojifunga zenyewe, ni ghali. Tumekubaliana kuanza na koki tatu zilizo karibu na mlango, ambazo hutumika zaidi siku ya Ijumaa. Mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba nyuma ya madrasa utachimbwa mvua zikipungua.