Nondo, Chumvi na Nyumba ya Mbegani

Kiwanja cha Mbegani hununuliwa kwa macho. Mnunuzi hufika asubuhi maji yakiwa yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga mtupu, na kabla hajaona hati ameshajua sebule itatazama wapi. Mhandisi makini humwomba arudi siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yamejaa. Pwani hii tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia mita 4, na ufukwe ule ule huonekana mwingine kabisa.

Vipimo huanzia hapo maji yanapokomea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wenye viwanja wengi huzihesabu mita hizo kama ardhi waliyodhulumiwa. Waende Kunduchi, waone bahari ilivyokula ufukwe mpaka ikafikia majengo. Au wapite Kaole, jirani na Mbegani, ambako mambo yalikwenda kinyume: bandari ya kale ilijaa matope, mikoko ikaota, biashara ikahamia Bagamoyo. Mstari wa pwani hausimami mahali pamoja, na nyumba ya familia hujengwa ili wajukuu waikute.

Kaole ina somo kubwa kuliko hilo. Msikiti wake mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kuta zake zilizobaki zimepigwa na upepo wa bahari miaka yote hiyo. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, basi. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayo hayo: yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakazimuliwa kwa maji. Ndani ya kuta hizo hamna nondo hata moja. Chumvi iliingia, lakini haikukuta chuma cha kula.

Kurudi kwenye ujenzi ule si rahisi, wala si jambo la kutamani. Matumbawe ni makazi ya samaki, na mikoko iliyokuwa ikitoa boriti leo ni misitu ya hifadhi. Boriti hizo pia ndizo zilizofanya vyumba vya zamani viwe vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwa kuwa mti haukufika zaidi. Familia ya leo inataka sebule pana na baraza ya ghorofani. Hayo yanahitaji zege lenye nondo, na hapo ndipo adui anapopata mlango.

Zege jipya huivisha nondo utando mwembamba wa kinga. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma huutoboa utando huo, na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani. Kwanza unaona mstari wa rangi ya kahawia chini ya lenta. Baadaye ufa unaofuata nondo kana kwamba umechorwa kwa rula. Mwisho kipande kinadondoka, nondo inabaki wazi, imechakaa. Fundi huitwa apige plasta na rangi, na kutu inaendelea na kazi yake chini ya plasta hiyo.

Mara nyingi chumvi hiyo haikuletwa na upepo. Ilichanganywa siku ya kwanza: mchanga umezolewa ufukweni kwa kuwa ni wa bure, maji yametekwa kisima cha jirani ambacho maji yake hayafai hata kupikia chai. Mchanga uletwe wa mtoni, na maji yawe ya kunywa. Akiba inayopatikana kwa mchanga wa ufukweni na maji ya kisima hicho ni ndogo mno kulinganisha na gharama ya kubomoa nguzo.

Kisha ni kiasi cha maji. Zege jepesi kama uji humiminika bila shida, na wasaidizi wa fundi hulipenda, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vinjia ambavyo chumvi hupitia. Upepo wa kusi nao hulikausha zege changa upesi, hivyo magunia yaliyoloweshwa hayana budi kulifunika kwa siku 7 angalau.

Katika bajeti ya nyumba za pwani, fedha nyingi huachiwa vigae, geti na madirisha ya vioo, vitu ambavyo mgeni ataviona. Unene wa zege linaloifunika nondo hauonwi na mtu, na ndio unaostahili fedha hizo. Karibu na bahari usipungue milimita 50. Siku ya kumwaga zege mwenye nyumba awahi Mbegani kabla mashine haijawashwa, azunguke nguzo moja moja, na aingize vidole vitatu vilivyobanana kati ya nondo na ubao. Visipopita, ubao ufunguliwe.