Kuchora Mtaa wa Jiji: Anza na Kinachoondoka

Je, umewahi kumwona kijana amesimama kando ya barabara, ubao mkononi, anachora watu na magari? Wengi wetu hupita tukisema, "Huyu hana kazi." Kumbe kazi anayo, tena ngumu. Mlima utakaa pale pale ukiuchora siku nzima, lakini mtaa haumngoji mtu.

Tuchukue mfano wa Nairobi, pale penye Jumba la Nyaraka za Kitaifa, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Kuna jumba lenyewe, kuna sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011, kuna matatu, wachuuzi, na watu waliopatana kukutana hapo. Anayeanza hukimbilia jengo, dirisha baada ya dirisha. Akimaliza, jua limehama, matatu imeondoka, na mama wa ndizi ameshafunga mzigo. Anabaki na mtaa usio na watu.

Kwa hivyo kanuni ni moja: kinachoondoka kwanza, kichorwe kwanza.

1. Kivuli
Karibu na Ikweta jua hupanda upesi. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, vivuli ni virefu, na kila jengo lina upande wa mwanga na upande wa giza. Saa sita mchana vivuli vimejikunja miguuni mwa watu. Ukifika tu, weka alama ya penseli pale kila kivuli kinapoishia, kisha upake rangi moja hafifu. Baadaye kivuli kikihama, usikifuate. Ukikifuata, picha yako itakuwa na majua mawili. Mwezi wa Julai, mawingu yanapofunika jiji, mwanga hutulia. Huo ni wakati mzuri kwa anayejifunza.

2. Watu
Usianze na uso. Anza na jinsi mtu alivyosimama: mgongo, mabega, mzigo. Anayesukuma mkokoteni akipita kabla hujamaliza, usihuzunike. Atakuja mwingine ameinama vivyo hivyo, umalizie naye. Kumbuka pia jambo hili: ukichora umesimama mahali tambarare, vichwa vya watu wazima, wa karibu na wa mbali, huwa karibu mstari mmoja, usawa wa macho yako. Miguu ndiyo hupanda juu ya karatasi kadiri mtu alivyo mbali. Wengi hukosea hapa, na watu wao huonekana kama wanaelea.

3. Magari, halafu majengo
Matatu ikiondoka, nyingine ya umbo hilo hilo itaingia. Jengo liache mwisho. Hilo litakungoja hata kesho.

Vifaa si vingi: karatasi nzito, ubao wa kuibana, penseli, rangi za maji, brashi mbili, chupa ya maji, kitambaa na kofia. Kaa kivulini. Karatasi ikipigwa na jua hukuumiza macho, nawe utapaka rangi nzito mno. Ukifika nyumbani utaona picha ni ya giza. Kama huwezi kukaa kwenye vumbi, tafuta dirisha la ghorofani. Mchoraji Camille Pissarro alikuwa mgonjwa wa macho, upepo na vumbi vikimsumbua. Mwaka 1897 alichora barabara ya Boulevard Montmartre, jijini Paris, kutoka dirisha la chumba cha hoteli. Alitoa picha 14 za barabara hiyo moja, kwa saa na hali za hewa tofauti. Na mvua ikikufukuza pale Nairobi, ingia ndani ya Jumba la Nyaraka ukatazame kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Jambo la mwisho ni heshima. Siku moja niliwasindikiza vijana kuchora. Mama mmoja muuza ndizi alipoona karatasi na kalamu, alianza kukusanya bidhaa zake mbio. Alidhani tunaandika majina ya wachuuzi ili wafukuzwe. Kosa lilikuwa letu, hatukumsalimu. Kijana mmoja akamwendea, akamwamkia na kumwonyesha karatasi. Mama akaitazama, akacheka: "Mwanangu, mbona umeninyima mikono?" Akapanga ndizi zake upya, akatulia hadi mikono ikachorwa.

Basi, ndugu msomaji, salimu kwanza. Omba ruhusa. Akikataa, geukia upande mwingine. Jumba lile lina walinzi na kufuli. Mama wa ndizi hana hata kibanda, na mwaka ujao huenda usimkute. Ndiyo maana yeye achorwe kwanza.