Uwanja wa ndege wa watu 4,500: pesa imepotea ama ni haki yao?

1/ Kila bajeti ikisomwa, hakosekani mtu wa kuuliza: "Pesa yote hiyo kwa watu wachache hivyo?" Iwe ni daraja, kivuko ama barabara ya mpakani, swali ni lile lile. Leo nachukua mfano wa mbali ndio tusitupiane maneno ya vyama.

2/ St Helena ni kisiwa kilicho Atlantiki ya Kusini, karibu kilomita 2,000 kutoka pwani ya Afrika, chini ya Uingereza. Wakazi ni kama 4,500. Napoleon alifungwa huko hadi akafa 1821. Waliomfunga walijua hapo mtu hatoroki.

3/ Kwa miaka mingi tegemeo lao lilikuwa meli moja, RMS St Helena, siku kama tano kutoka Cape Town. Ikishaondoka, unangoja wiki kadhaa. Vijana wengi walienda kutafuta kazi ng'ambo, na kisiwa kikaishi kwa ruzuku ya London.

4/ Serikali ya Uingereza ikaamua kujenga uwanja wa ndege. Hoja ilikuwa watalii waje, uchumi ukue, ruzuku ipungue. Bonde zima lilijazwa mawe ili njia ya ndege ipate kukaa. Gharama: pauni milioni 285 na ushee. Gawanya kwa wakazi, ni zaidi ya pauni 60,000 kila kichwa.

5/ Uwanja ulikuwa ufunguliwe Mei 2016. Ndege za majaribio zikakuta upepo unaobadilika ghafla kasi na mwelekeo karibu na njia ya kutua. Ufunguzi ukaahirishwa. Magazeti yakauita uwanja usio na maana kuliko yote duniani.

6/ Desemba 2016 kamati ya bunge inayokagua pesa za umma ikauliza swali ambalo hata sisi tungeuliza: mlijengaje hadi mwisho kabla ya kujua upepo utafanya nini?

7/ Hapa ndipo watu hukosea. Wengi walisema, "Si tuliwaambia, watu wachache hawahitaji uwanja." Hapana. Kosa halikuwa kuwahudumia wachache. Kosa lilikuwa kazi ya awali kufanywa nusunusu. Hizo ni hoja mbili, na mwanasiasa mjanja huzichanganya makusudi.

8/ Mimi hili silichukulii mbali. Asili yangu ni kisiwa cha Pate. Nilipokuwa mdogo, kupeleka mgonjwa Lamu mjini ulingoja kwanza maji yajae ndio boti ipite Mkanda. Mama mwenye uchungu hangoji bamvua. Mtu akipiga hesabu ya "gharama kwa kila kichwa", huyo mama hayumo ndani.

9/ Kule St Helena, hata kabla ya ndege za abiria kuanza, ndege ya wagonjwa ilikuwa imeshatua mwaka huo huo wa 2016. Safari za kawaida kutoka Johannesburg zilianza tarehe 14 Oktoba 2017, kwa ndege ndogo kuliko iliyopangwa. Watalii hawakufurika.

10/ Na kitu kilichowaokoa ni ile meli kuukuu. Ilikuwa istaafu 2016. Uwanja ulipokwama, ikaongezewa muda hadi Februari 2018. Wangeiuza mapema, wangebaki bila meli na bila ndege.

11/ Kwa hivyo ukisikia ahadi jukwaani, usikimbilie "ni wachache". Uliza: nani amepima upepo, maji na udongo, na ripoti iko wapi? Kivuko cha sasa kitaendelea hadi lini? Na watalii wasipokuja, nani atalipia matengenezo?

12/ Akijibu hayo, mpe sikio. Akikuonyesha picha ya kompyuta tu, muulize tena. Wewe huko kwenu mnangoja daraja gani? Niambie hapa chini, bila matusi tafadhali.