Kabla ya Kubonyeza Kitufe: Jinsi Mpiga Eksirei Anavyojifunza Kumtunza Mgonjwa

Ndugu msomaji, hapana shaka wewe mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwako, umekwisha kupita katika chumba cha eksirei. Huenda ulikuwa ni mkono wa mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, au kifua cha baba aliyekohoa majuma mengi, au nyonga ya bibi aliyeteleza bafuni. Ulisubiri kwenye benchi, ukaitwa, ukaambiwa uvue shati, ukasimamishwa mbele ya bamba la baridi, ukasikia mlio, na kabla hujatambua vizuri uko wapi ukaambiwa uvae, utoke. Katika dakika hizo chache yule kijana aliyekupokea alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuiongoza mashine, na kukuhudumia wewe. Kazi ya kwanza ndiyo watu waionayo, nayo ndiyo imvutayo kijana aliyefaulu sayansi shuleni hata akaitamani fani hii. Ya pili ni ngumu zaidi kuifundisha. Nayo ikikosekana, picha huharibika, mionzi hurudiwa, na pengine mtu aliyeingia na mfupa wenye ufa hutoka na mfupa uliovunjika kabisa.

Mionzi hiyo iligunduliwa mjini Würzburg tarehe 8 Novemba, 1895, na profesa Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen, na kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa amekwisha kuupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana waziwazi. Tangu siku hiyo mashine zimekuwa za kasi kupita kiasi, lakini jambo moja halijabadilika: picha nzuri haipatikani mpaka mtu atulie. Na mtu anayeumwa, anayeogopa, asiyesikia vizuri au asiyejua kwa nini ameletwa pale, hatulizwi na kasi ya mashine. Hutulizwa na mtu aliye mbele yake.

Hapa Tanzania utaalamu huu hufundishwa katika vyuo vya afya, kikiwamo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na tangu mwaka 2007 ipo sheria inayowasimamia wataalamu wake. Mwanafunzi husoma fizikia ya mionzi, maumbile ya mwili, na namna ya kuelekeza bomba la eksirei penye kiungo kinachotakiwa. Pamoja na hayo hufundishwa kumtunza mgonjwa, somo ambalo wengine huliona jepesi kwa kuwa halina hesabu. Maoni hayo hayadumu zaidi ya siku ya kwanza wodini.

JINA LAKO NANI?

Funzo la awali ni dogo hata laweza kuchekesha, nalo ni kuuliza jina. Mwanafunzi mgeni huchungulia benchini, karatasi mkononi, na kuuliza, "Wewe ndiye Juma?" Mzee aliye katika maumivu, aliyelelewa kuwaitikia watu wa hospitali kwa adabu, atajibu "Ndiyo" hata kama yeye ni Hamisi. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa asimtilie mgonjwa jibu kinywani. Huanza na salamu: "Shikamoo mzee. Jina lako kamili nani? Umetoka wodi gani? Nionyeshe panapouma." Mzee ajibu mwenyewe, aguse goti lake kwa mkono wake mwenyewe, ndipo karatasi isomwe ili kulinganisha. Herufi ndogo ya madini ya risasi huwekwa pembeni ya picha kuonyesha kama ni upande wa kulia au wa kushoto, na herufi hiyo ikikosewa, aweza kufunguliwa mguu usio na kosa.

Wapo wadhanio kwamba shikamoo katika foleni ndefu ni kupoteza wakati. La hasha! Mzee anapoitikia "Marahaba", mwanafunzi aliyefundwa vizuri huwa amekwisha kujua mambo manne: kwamba anasikia, kwamba akili yake imetulia, kwamba pumzi inamtosha kusema, na kama aweza kuinuka mwenyewe au la. Kama alipigwa kichwani na sasa hajui yuko wapi, au anaanza kutapika, basi picha na ingoje, aitwe daktari.

SHANGA, HIRIZI NA MSUKO

Baada ya jina huja jambo la mavazi, na hapo ndipo heshima ya mtu inapopimwa. Chuma cha zipu, kifungo, sarafu mfukoni, simu, mkufu, vyote hutupa vivuli katika picha. Mwenye kuvipata vitu hivyo vyote si mwenye macho makali bali ni mwenye maneno mazuri. Mathalani, mama anayepigwa picha ya nyonga aweza kuwa na shanga kiunoni. Hatazitaja mbele ya kijana wa kiume, tena mlango ukiwa wazi na wagonjwa wengine wakisikia. Mwanafunzi hufundishwa kufunga mlango, kumwita muuguzi wa kike au mwenziwe wa kike, kueleza sababu kwa sauti ya chini, kisha kumpa gauni na pazia, naye asubiri nje ya pazia.

Ndivyo ilivyo kwa hirizi ya mtoto. Si kazi ya mwanafunzi kuicheka wala kuihubiria. Hueleza kwamba itatupa kivuli, humwomba mama aivue kwa mkono wake na kuishika mwenyewe mpaka kazi iishe. Na nywele zilizosukwa, zikining'inia mabegani wakati wa picha ya kifua, huweza kuonekana kama doa juu ya pafu. Kifua kikuu nacho hupenda kukaa sehemu hiyo hiyo ya juu. Fikiri basi, ndugu msomaji, hasara ya mtu kutiliwa shaka ya ugonjwa ambao dawa zake kwa kawaida humezwa miezi sita, kwa sababu tu hakuna aliyemwomba ainue msuko wake na kuufunga utosini.

Kuvua nguo nako kuna elimu yake. Mwenye mkono ulioumia huvuliwa kwanza upande mzima, wa maumivu ukawa wa mwisho; wakati wa kuvaa, mkono ulioumia ndio unaotangulia. Nguo ikigoma hukatwa kwa mkasi, kwa idhini ya mwenyewe au jamaa yake. Banzi alilofungwa majeruhi halifunguliwi na mpiga eksirei kwa kuwa tu linaonekana baya. Na kola ya shingo haivuliwi mpaka daktari aseme.

"VUTA PUMZI, ZUIA"

Picha ya kifua hupigwa mapafu yakiwa yamejaa hewa. Pumzi ikiwa nusu, moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo na sehemu ya chini ya mapafu huwa na ukungu, hata daktari akasoma ugonjwa usiokuwapo. Mwanafunzi asiye na subira husimama nyuma ya kioo chake na kupaza sauti: "Vuta pumzi! Zuia!" Bibi naye, aliye ndani ya chumba asichokijua, amegeukia ukuta, husikia sauti bila kuona mtu, akageuka kutazama nani anamsemesha. Picha imekwenda.

Dawa yake ni mazoezi ya nusu dakika kabla ya kwenda nyuma ya kioo. "Bibi, tutavuta hewa pamoja, hivi, kama anayetaka kupiga mbizi. Sasa tuifungie ndani. Haya, iachie." Hufanya naye mara mbili, na kumwambia mapema: "Nitakwenda pale nyuma, nitakuona kwa kioo, nitakuita." Kama bibi anafahamu lugha ya kwao kuliko Kiswahili, hutafutwa jamaa wa kumfasiria. Asiyesikia huonyeshwa kwa ishara ya mkono.

KUMHAMISHA ASIYEJIWEZA

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa, na hapa ndipo napenda tukae kidogo.

Mgonjwa aliyeletwa kwa machela huja na vitu vyake: dripu, mpira wa mkojo, pengine mpira uliotiwa kifuani kutoa damu au maji. Kila kimoja kina mahali pake. Chupa ya dripu hukaa juu ya mgonjwa; mfuko wa mkojo hukaa chini ya kibofu, ili mkojo usirudi ulikotoka; na chupa ya kifuani hukaa chini ya kifua daima, haiinuliwi hata kwa dakika ya kuvukisha machela mlangoni. Kabla ya mtu kuguswa, magurudumu hufungwa breki, mipira huangaliwa isije ikanaswa, na mmoja huteuliwa kuhesabu. Wanaoinua hukunja magoti, si migongo. Anayeshukiwa kuumia uti wa mgongo hageuzwi ila na watu wasiopungua wanne, na amri hutoka kwa yule aliyeshika kichwa, ili mwili wote ugeuke kama gogo moja.

Mfano wa nyonga waeleza mengi. Kitabu chasema kwamba picha ya nyonga hupigwa miguu ikiwa imegeuzwa kidogo kwa ndani, yapata nyuzi 15, ili shingo ya mfupa wa paja ionekane kwa urefu wake. Mwanafunzi amelikariri hilo na amelijibu katika mtihani. Kisha analetwa bibi yule aliyeteleza bafuni, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenziwe na kidole gumba kimeelekea nje. Je, augeuze ndani kama kitabu kisemavyo? Hata kidogo! Mguu wa namna hiyo mara nyingi ni mfupa uliovunjika, na kuulazimisha ni kumtesa bibi na kuzidisha jeraha. Huachwa kama ulivyo, na ikihitajika picha ya ubavuni, bomba la eksirei ndilo huzungushwa, mgonjwa abaki pale pale alipo. Kulijua hilo kwahitaji kuwa umesimama karibu na mtu, ukamtazama uso wakati unapogusa shuka lake.

Hata kazi ikiisha haijaisha. Mzee aliyelala kwa muda akiinuliwa ghafula hupata kizunguzungu na kuanguka. Kwa hiyo huketishwa kwanza ukingoni, miguu ikining'inia, huulizwa hali, ndipo asimame. Aliyenyweshwa bariamu, ule uji mweupe wa kuonyesha tumbo, huambiwa kabla hajaondoka kwamba choo chake kitakuwa cheupe na kwamba anywe maji mengi asifunge choo. Asipoambiwa, atarudi kesho yake na hofu ambayo neno moja lingeizuia.

KWA NINI PICHA ISIRUDIWE

Baadhi yenu mtauliza: kama picha imeharibika, si ipigwe nyingine? Picha moja ya kifua kwa kweli ni mionzi kidogo, haizidi kwa kawaida kipimo cha milisiveti 0.1, ambapo binadamu kwa wastani wa dunia hupokea milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Lakini picha za tumbo na za mgongo ni nzito kuliko hiyo, na siti-skani ni nzito mara nyingi zaidi. Kanuni ya fani hii ni kwamba mionzi isitumike bila faida, hata iwe kidogo.

Zamani za filamu kosa lilikuwa na ushahidi. Filamu mbovu ilining'inia katika chumba cha giza, ililowa, ilinuka dawa, na filamu zilihesabiwa moja moja kwa sababu zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Leo, penye mashine za kompyuta, picha mbovu yaweza kufutwa kwa kidole, na aliyezidisha mionzi haumbuki, kwani kompyuta huisawazisha picha hata ikapendeza. Kwa maoni yangu mwanafunzi wa leo ahitaji nidhamu kuliko wa jana, maana hakuna rundo la filamu la kumsuta.

Mama wa umri wa kuzaa huulizwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho, faraghani, si mbele ya mumewe wala mama mkwe. Swali hilo lisikuudhi. Ni la kumlinda mtoto ambaye huenda hata wewe hujamjua. Na jambo moja limebadilika ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Zamani ilikuwa desturi kumwekea mgonjwa kipande cha risasi juu ya sehemu za uzazi. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi hiyo ikome kuwa ya kila siku, na mwaka 2021 baraza la nchi hiyo la kinga ya mionzi likasema vivyo hivyo, kwa kuwa kipande hicho chaweza kuficha penye ugonjwa au kuifanya mashine iongeze mionzi yenyewe. Usipofunikwa, basi, si dharau. Lakini una haki ya kuuliza, na mwanafunzi lazima ajue kukujibu bila kukunja uso.

Swali moja tu hatalijibu: "Mwanangu, umeona nini?" Kusoma picha ni kazi ya daktari. Kunyamaza huku akiiona dalili mbaya kwenye kioo, asibadilike uso, asiseme "hamna kitu" kwa huruma ya uongo, hilo nalo hujifunzwa. Husema ukweli wake: "Mama, picha imetoka vizuri, daktari ataisoma na kukueleza." Akiona jambo la hatari humpelekea daktari habari upesi, mgonjwa akiwa bado yupo.

Yote haya hayapatikani kwa kusoma tu. Njia mojawapo nzuri ni wanafunzi kuwa wagonjwa wa wenzao, mashine ikiwa imezimwa. Huyu hulazwa juu ya meza ngumu bila mto, na gauni lisilofungika mgongoni. Mwenziwe hutoka bila kumwambia anarudi lini. Baada ya robo saa hakuna haja ya mhadhara.

Nawe, ndugu msomaji, siku utakapokwenda, chukua picha zako za zamani kama unazo, na acha vito nyumbani. Taja mapema kama una pumu au uliwahi kudhuriwa na dawa ya sindano, hasa kama utadungwa dawa ya kung'arisha picha. Na kama mgonjwa ni mtoto mdogo, mwende na mtu mzima asiye mjamzito, ili avae aproni ya risasi na kumshika.